Sura ya Sita: Safari za Karibu na Nyumbani Katika Uwanda wa Makonde

Ni desturi ya watu wengi kuitukuza safari kwa kadiri ya umbali wake, hata mtu aliyefika Dubai au Guangzhou husikilizwa barazani kwa taadhima kubwa, ilhali jirani yake anayeijua kwa miguu kila njia inayoteremka kutoka Newala kwenda bonde la Ruvuma hakuna amwulizaye neno. Mizani hiyo haina insafu. Masafa huhesabiwa kwa nauli, lakini faida ya safari huhesabiwa kwa yale yaliyoingia akilini na moyoni mwa msafiri. Na maadamu hivyo ndivyo, aila inayokaa Masasi, Newala, Tandahimba au Nanyumbu inayo nchi ya kutazama, tarehe ya kusimuliwa na chakula cha kufurahia katika mwendo wa siku moja ya kwenda na kurudi, bila ya kuvuka bahari wala kulala ugenini. Nimetembea katika nchi hiyo pamoja na ndugu na majirani kwa nyakati mbalimbali, na nimeona kwamba magari yetu hujaa kila kitu, watoto, vikapu, madumu na muziki, isipokuwa mtu mmoja ambaye kuwapo kwake ndiko kungeikamilisha safari. Mtu huyo ni mzee wa nyumba.

Aghalabu mzee huachwa kwa huruma. Husemwa kwamba magoti yanamwuma, kwamba njia ina mashimo, kwamba vumbi litamletea kikohozi, na yeye mwenyewe, kwa murua wake, hukubali upesi ili asiwe mzigo kwa wanawe. Jioni wajukuu hurudi na kukaa naye barazani, na pengine mmoja wao humwuliza zamani kulikuwaje. Naye hujibu kwa maneno machache, kwamba zamani kulikuwa na shida, au kwamba zamani kulikuwa na adabu, kisha hunyamaza, na watoto huamini kwamba hana hekaya. Wanamdhulumu bila ya kujua. Kumbukumbu za mtu aliyekulia katika nchi ya kutembea kwa miguu hazikupangwa kwa miaka. Zimewekwa mahali mahali, penye kivuko, penye mkwaju, penye mteremko uliomchosha utotoni, na hawezi kuzichukua mpaka apaone mahali penyewe. Mketishe mzee huyo katika kiti cha mbele karibu na dirisha, mwombe dereva aende polepole, na kabla hamjafika mbali utamsikia akisema bila ya kuulizwa, "Simama hapa kidogo, mwanangu. Hapa pana jambo."

Watu wa kusini hawahitaji kufundishwa kusafiri. Wamakonde, Wamakua na Wayao huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba kwao ana haki na wajibu ambao kwingineko ni wa baba. Kwa hiyo mtoto wa huku huzaliwa akiwa na nyumba mbili tayari, na njia iliyo baina ya nyumba hizo hukanyagwa maisha yote, kwa harusi, kwa jando la wavulana na unyago wa wasichana, kwa kumjulia hali mgonjwa na kwa matanga. Lakini safari hizo, pamoja na heshima yake yote, zina upungufu. Huendwa kwa haraka, mara nyingi usiku, chombo kikiwa kimesheheni watu wazima wenye hofu ya kuchelewa mazishi, na watoto wameachiwa jirani. Mjomba hufikiwa, lakini nchi iliyo kati ya nyumbani na kwa mjomba hupitwa gizani. Safari ninayoipendekeza katika sura hii ni ileile ya kwenda kwa mjomba, iliyoongezewa saa chache na ruhusa ya kusimama.

Saa hizo zichaguliwe kwa hekima, kwa sababu uwanda wa Makonde una majira yake. Mvua za huku ni za msimu mmoja, huanza Novemba au Desemba na kumalizika Aprili au mapema Mei, na katika kipindi hicho njia za udongo huteleza na kuchimbika hata dereva hodari hujuta. Juni na Julai ni miezi ya baridi: ukungu huifunika Newala asubuhi, mikorosho huchanua, na mashambani husikika mashine za kupulizia salfa, ile dawa ya unga inayozuia ubwiriunga, ugonjwa unaoharibu maua kabla hayajawa korosho. Oktoba hadi Desemba ni mavuno, mabibo mekundu na ya manjano yametapakaa chini ya miti, na harufu yake, tamu na kali kwa pamoja, humfuata msafiri njia nzima. Mimi hupenda Julai kwa ajili ya hewa yake. Najua hata hivyo kwamba nyumba nyingi haziwezi kutoka isipokuwa baada ya minada ya korosho, fedha inapokuwa mkononi, na fedha ya korosho ina wadai wengi: bati, ada, sare, deni la dukani, salfa ya mwaka ujao. Mwenye nyumba mwenye busara hutenga gharama ya petroli ya siku moja siku ileile alipwayo, akaikabidhi kwa mkewe au kwa mama yake, kabla wadai wengine hawajabisha hodi.

Kuhusu chombo nina neno moja tu la ukali. Kupakia mama na watoto wawili juu ya pikipiki moja, mtindo ambao vijana huuita mishikaki, ni kuhatarisha roho kwa sababu ya nauli, na hakuna furaha ya matembezi inayolipa thamani hiyo. Nyumba mbili au tatu za majirani zikichanga, zitakodi gari aina ya Noah kwa siku nzima bila ya kuumia sana. Na penye basi, basi lina faida yake, kwani watoto huwasikia watu wengine wakizungumza Kimakonde, Kimakua na Kiyao, na mzee hupata mtu wa makamo yake wa kuongea naye. Chakula kichukuliwe cha nyumbani. Ugali wa muhogo haupendezi ukipoa, kwa hiyo zichukuliwe korosho za kuchoma, karanga, muhogo wa kuchemsha, kuku aliyekaangwa, maembe wakati wake, na ming'oko, mizizi ya porini ambayo huchimbwa kwa jasho, huchemshwa kwa chumvi na huuzwa kandokando ya njia. Mtoto wa mjini asiyejua kumenya mng'oko hana budi kufundishwa na bibi yake, na somo hilo huchukua mwendo mzuri wa barabara. Maji yachukuliwe mengi, kwa sababu nitakazozieleza hivi punde.

Aanzaye Masasi huanza na majabali. Mji huu umekaa katikati ya vilima vya mwamba mtupu vinavyochomoza ghafula katika ardhi ya tambarare, na mgeni hudhani kwamba vilisukumwa juu kutoka chini, kumbe vilibaki. Udongo na miamba laini iliyovizunguka ilimomonyolewa na mvua katika muda usio na hesabu, ikachukuliwa na mito, na miamba migumu ikasimama peke yake. Kilima cha Mkomaindo ndicho kilichotoa jina la hospitali ya mji, na chini ya kilima cha Mtandi limejengwa kanisa kuu la Kianglikana la Dayosisi ya Masasi. Asubuhi mapema, kabla jiwe halijashika moto, watoto wanaweza kupanda sehemu za chini wakiwa na mtu anayezijua njia, baada ya kuomba ruhusa kwa wenyeji. Wakati wa mvua wasipande, kwani mwamba uliolowa humwangusha hata mbuzi.

Wakipumzika kivulini waambiwe habari ya mwaka 1876. Mwaka huo Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu, ambaye wapenzi wa lugha yetu wanamjua kwa hadithi za Kiswahili alizozichapisha mwaka 1870 na kwa kanisa alilolijenga Unguja pale palipokuwa soko la watumwa, alipanda kutoka Lindi akiongoza kundi la watu waliokombolewa katika utumwa. Azma ya misheni ilikuwa kuwafikisha upande wa Ziwa Nyasa, ambako wengi wa watumwa walikuwa wakitolewa, lakini nchi ya Masasi ilipendeza, na maskani ikawekwa hapa. Hebu mtoto na atafakari jambo hilo akiwa amekaa juu ya jiwe lenyewe: watu waliokuwa wameteremshwa pwani wakiwa mali ya wengine walipanda tena kuelekea bara wakiwa huru, wakakata miti, wakajenga nyumba zao wenyewe chini ya vilima hivi. Amani haikudumu. Mwaka 1882 wapiganaji waitwao Magwangwara waliishambulia Masasi, wakachoma na kuchukua mateka, na misheni ikahamia Newala katika himaya ya Matola, mkuu wa Wayao. Mwaka 1905, katika vita vya Majimaji, nyumba za misheni za Masasi zikateketezwa tena. Kila mara watu walirudi.

Hapo Mtandi mzee wa kiume aghalabu hukumbuka jando lake, na anayo sababu. Vincent Lucas, aliyewekwa kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, alikuwa amekwisha kuamua tangu akiwa padri kwamba jando lisipigwe marufuku, ila liingizwe katika maisha ya Kanisa, likiwa na sala zake na baraka zake. Jambo hilo lilijadiliwa sana na wamisionari wa zama zake, wako waliolisifu na wako waliolilaumu, lakini kwa wavulana wa Masasi lilimaanisha kwamba hawakulazimishwa kuchagua baina ya wajomba zao na dini yao. Mimi nalihesabu kuwa katika maamuzi ya busara yaliyofanywa na wageni katika nchi hii. Mzee ataeleza aliingia jandoni mwaka wa njaa gani, nani alimtunza kidonda, nani alimfundisha kuamkia wakubwa, na yale yasiyosemwa mbele ya watoto atayaruka kwa ustadi. Pengine atamtaja pia Askofu Trevor Huddleston, aliyekuja Masasi mwaka 1960 akiwa mashuhuri ulimwenguni kwa kupinga ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini na akakaa mpaka 1968.

Kutoka Masasi kwenda Newala njia huukabili ukuta wa uwanda, hupanda kwa mizunguko, na hewa hubadilika. Uwanda wa Makonde umeinama kuelekea bahari: upande wa pwani ni wa chini, kisha huinuka taratibu kwenda magharibi hata ukakaribia mita 900 juu ya usawa wa bahari, na hapo hukatika ghafula. Huko juu msafiri huingia katika mikorosho isiyo na mwisho, na ndani ya mikorosho hiyo, kwa jicho la mtu ajuaye, yamo mahame. Mtoto huona mti tu. Bibi huona kwamba mti ule ulipandwa uani mwa nyumba, kwamba mwembe ule ulikuwa wa baraza ya wanaume, na kwamba kichaka kile kimeota juu ya makaburi ambayo hapana budi kuyasalimu.

Habari ya mahame hayo ni sehemu ya tarehe ya taifa. Katika miaka ya mwanzo ya 1970, hasa tangu 1973, watu wa mkoa wa Mtwara walihamishwa kutoka katika makazi yaliyotawanyika wakakusanywa katika vijiji vya ujamaa. Mikorosho mingi ikabaki mbali na wenyewe, na mkorosho usiopaliliwa huliwa na magugu na moto. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna korosho zipatazo tani 145,000. Baada ya hapo mavuno yalishuka mwaka hata mwaka, ubwiriunga ukaja kuongeza msiba, na katikati ya miaka ya 1980 zao hilo lilikuwa limekaribia kufa. Wanauchumi wameyaandika hayo kwa hesabu zao. Lakini mzee aliyebeba mlango wa nyumba yake kichwani kwenda kijiji kipya anazo hesabu nyingine, za watu waliogawana uwanja mmoja na wasiowajua, za miaka mingapi ilipita kabla hajarudi kuokota korosho zake mwenyewe, na pia, kwa kuwa wazee wengi ni waadilifu, za shule na zahanati zilizopatikana kwa sababu watu walikuwa pamoja. Gari lisimame kwa mzee huyu. Asikatizwe. Ikiwa ataomba kushuka na kutembea peke yake kidogo kati ya miti, watoto wazuiwe kumfuata.

Sasa nafika kwenye maji, ambayo ndiyo roho ya uwanda huu. Mvua ya Newala si haba, lakini udongo wa juu ni mchanga mwekundu wenye kina kikubwa, nao huyanywa maji yote; hayakai juu, hayafanyi mto, hushuka chini kabisa mpaka yakakutana na tabaka lisilopenyeka, na kutokea tena katika chemchemi za chini ya kuta, kwenye mabonde. Watu waliishi juu penye ardhi nzuri na usalama wa vichaka vizito, na maji yalikuwa chini. Karl Weule, mtaalamu wa Kijerumani kutoka Leipzig aliyezunguka Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, akirekodi nyimbo na ngoma kwa mashine za wakati ule, alistaajabu sana kuona watu wakikaa mbali hivyo na maji na wake zao wakiteremka na kupanda jabali kila siku kwa mtungi mmoja. Alikuja kuangalia mila za watu, na ni sifa yake kwamba mtungi ule haukumpita machoni.

Kwa jambo hili nina ushahidi wa masikio yangu. Tulikuwa Newala na aila ya jirani yangu, bibi yao akiwa pamoja nasi baada ya kubembelezwa sana, tukasimama pembeni mwa ukingo ambapo kijia chembamba kinapotea kati ya majani kikielekea chini. Wajukuu walikuwa wakipigana picha. Bibi alikitazama kijia kile kwa muda, akakaza kanga yake, akasema, "Njia yetu hii."

"Njia ya wapi, Bibi?" akauliza mjukuu wake mkubwa, msichana wa sekondari.

"Ya maji. Tulikuwa tunashuka na nyota, wajukuu zangu, tunapanda na jua. Mama mbele, mimi nyuma, na kata yangu ya majani kichwani."

"Na ukijikwaa?"

"Ukijikwaa maji yamemwagika. Unarudi chini. Hakuna wa kukupa yake." Akawaonyesha jiwe pale walipokuwa wakipumzika, na mahali ambapo shangazi yake alizaa njiani akiwa ametoka kuchota, naye yeye mwenyewe, mtoto wa kiasi cha kumi, akatumwa kupanda mbio kuita wanawake. Mtoto aliyezaliwa pale ni mtu ambaye wajukuu wale wanamwamkia kila Idi.

Msichana yule alishika simu yake mkononi asiitazame. "Bibi, mbona hukutuambia siku zote?"

"Hamkunileta," akasema bibi, bila ya lawama.

Baada ya hapo mazungumzo ya siku nzima yalikuwa ya maji, na yalifaa kuwa hivyo. Katika miaka ya 1950 serikali ya wakati ule ilianzisha mradi wa kusukuma maji kutoka mabondeni kuyapandisha uwandani, na bonde la Kitangari, ambako ndiko chanzo cha Mitema, limekuwa tegemeo la Newala na Tandahimba tangu zamani hizo mpaka leo. Mitambo huchakaa, watu huongezeka, umeme hukatika, na kwa hiyo mpaka sasa utaona katika nyumba za uwandani birika lililochimbwa ardhini kupokea mvua ya paa, na vijana wakipita na madumu ya maji ya kuuza juu ya baiskeli na pikipiki. Aila inayotoka mji wenye bomba la hakika na ipite Kitangari, itazame bonde linavyoikata ardhi ya juu, kijani chini na mchanga mwekundu juu, kisha watoto wapewe dumu lao wenyewe wapande nalo mwendo mfupi wa mlima. Wataelewa kwa shingo zao jambo ambalo vitabu havikuwaeleza.

Ukingo wa Newala wenyewe, mahali paitwapo Shimo la Mungu, ni katika mandhari kubwa za Tanzania, na nasema hivyo nikiwa nimeziona nyingine zinazosifiwa zaidi. Nchi huishia miguuni, kisha macho huteremka katika kina cha miti na mbuga, yakafuata bonde la Ruvuma mpaka kwenye vilima vya Msumbiji vilivyofifia kwa umbali. Asubuhi ukungu hulijaza bonde lote, na aliyekuja alfajiri huweza kusubiri saa nyingi asione kitu; alasiri ndiyo bora, jua linapoanguka upande wa Masasi na kila kilima kuonekana mahali pake. Wazazi wawashike watoto wadogo mkono. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, Wareno walivuka mto ule kutoka Msumbiji wakapanda na kuishika Newala, na kabla ya mwaka kwisha Wajerumani wakawazingira na kuwarudisha walikotoka. Vita hiyo ya Wazungu kwa Wazungu ilipiganwa kwa migongo ya wapagazi wa nchi hii, na ziko nyumba katika Newala, hata katika vitongoji vyake kama Makote, ambamo bado husemwa kwamba babu fulani alichukuliwa kubeba mizigo na hakurudi. Kijana mwenye kujua kuandika na aandike jina la babu huyo siku hiyohiyo, na jina la kijiji alichotoka.

Ndanda haihitaji maneno mengi, maana kila apitaye kati ya Mingoyo na Masasi huiona. Wabenediktini waliianzisha mwaka 1906, baada ya misheni yao ya Lukuledi na ile ya Nyangao kuharibiwa katika Majimaji. Hospitali yake imewatibu watu wa kusini kwa vizazi, na kiwanda chake cha uchapaji kimetoa vitabu vya Kiswahili vilivyosomwa mbali sana na hapo. Maji yanayotoka chini ya ukuta wa uwanda huonekana hapo kwa uzuri wake wote. Lupaso nayo, alikozaliwa Rais Benjamin Mkapa mwaka 1938 na alikozikwa Julai 2020, yafaa kuendewa kwa adabu ya kuzuru kaburi. Watoto waone kwamba mtu aliyeongoza nchi kwa miaka 10 alitoka katika kijiji kilicho sawa na chao, akasoma Ndanda, na mwisho akarudishwa kwao.

Safari ndefu kuliko zote katika sura hii ni ya Mtambaswala, katika Nanyumbu, ambako barabara ya lami kutoka Masasi kupitia Mangaka hufika Ruvuma. Hapo pana Daraja la Umoja, lenye urefu wa mita 720, lililofunguliwa tarehe 12 Mei 2010 na Rais Jakaya Kikwete pamoja na Rais Armando Guebuza wa Msumbiji. Ng'ambo yake ni Negomano, mahali ambapo Lugenda huingia Ruvuma, na ambapo jemadari wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alivukia Novemba 1917 akiwakimbia Waingereza, askari wake na wapagazi wao wakiwa wamechoka na wenye njaa. Zamani mtu aliyetaka kumwona ndugu yake wa ng'ambo ya pili alingoja mtumbwi na kumwomba Mungu amwepushe na mamba. Mamba wapo mpaka leo, na viboko pia, kwa hiyo mtoto asiingie majini hata kunawa miguu. Atakayetaka kuvuka daraja awe na karatasi zake za safari, na asiye nazo na atazame mto kutoka upande wetu, ambao ni mzuri vya kutosha.

Mahali hapa ndipo mzee apewe hadhari kubwa kuliko kwingine kote. Wengi wa Wamakonde na Wamakua wa Masasi na Newala wana asili upande ule wa mto, na baada ya vita vya ukombozi vya Msumbiji kuanza mwaka 1964 maelfu walivuka usiku wakiwa na watoto migongoni, wakapokelewa na ndugu zao wa huku, ilhali vijana walipelekwa kambini Nachingwea kufundishwa kupigana. Mzee aliyevuka wakati ule anaweza kuufika mto na kuzungumza mpaka jua lichwe. Anaweza pia kukaa ndani ya gari na kusema kwamba amechoka, na asitake kushuka. Nimeyaona yote mawili. Anayezungumza asikilizwe, na asiyetaka asiulizwe mara ya pili, watoto wapelekwe kula kivulini na mtu mzima mmoja abaki karibu naye, kwani mara nyingine neno huja wakati gari limekwisha geuka kurudi Mangaka, nalo huja kwa sauti ya chini ambayo waliokaa viti vya nyuma hawaisikii. Kwa sababu hiyo muziki uzimwe katika marejeo, na petroli iwekwe akiba ya kutosha njia ya pembeni moja ambayo haikuwamo katika mpango, ikiwa mzee atanyoosha mkono dirishani na kusema kwamba kule, nyuma ya mikorosho ile, alikuwa na rafiki, naye angependa kujua kama yu hai.